Ngege Waliozoea

"Kama samaki hawa wanalishwa kila siku, mbona hawakui?"

Ofisa wa mradi aliuliza hivyo akinitazama mimi, si Anti, mdogo wake mama, aliyekuwa ndiye mlezi wa samaki wenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea biolojia. Nyumbani nilijulikana kwa kubishana na kila mtu, kuanzia mhubiri hadi mtangazaji wa habari. Siku hiyo nilinyamaza.

Matangi yalikuwa matatu, ya plastiki, yamekatwa juu na kupangwa nyuma ya kanisa moja Soweto East, huko Kibera. Mradi uliyaleta ili kikundi cha akina mama kifuge chenyewe ngege, samaki wa ziwani wanaoitwa pia tilapia, kisitegemee samaki wa barafu wanaoletwa kutoka mbali. Kikundi kilimchagua Anti kwa sababu alizaliwa kando ya ziwa na alikuwa amekaanga samaki Kawangware tangu kabla sijazaliwa. Kila asubuhi alitoka huko kwa miguu kuja kuwalisha.

Alipofika aliwakuta ngege wote wamepanda juu, midomo wazi. Akina mama wenzake walifurahi. "Wanatuamkia," walisema, wakawaongezea chakula.

Anti hakufurahi. "Ngege wa ziwani hafanyi hivi," aliniambia. "Hawa wanakosa hewa, nyathina." Aliniita hivyo, mwanangu kwa Kijaluo, hata nilipokuwa nimemzidi kimo. Basi alipanda juu ya jiwe, akachota maji kwa sufuria, akayamimina tena tangini kutoka juu ya kichwa chake. Akachota, akamimina, kama mtu anayepooza uji, mpaka mkono ukachoka. Vijana waliopita walimcheka.

"Manze, mathe anapoozea samaki uji!"

"Mathe, na sukari umeweka?"

"Pooza mdomo wako kwanza," alijibu bila kugeuka.

Alimwomba ofisa mashine ya kupuliza hewa. Ofisa alitabasamu. "Ngege ni samaki mgumu, mama. Huzoea. Ni kama nyinyi watu wa huku, si mmezoea?" Akacheka, nasi tukacheka. Naandika haya na bado damu inanichemka: tulicheka! Kisha akamkataza kuwasumbua samaki kwa kuwamwagia maji. Anti akanigeukia mimi msomi. Nami, mwenye kuuliza kila kitu, nikakariri noti za darasani: ngege huweza kuishi kwenye maji yenye oksijeni kidogo. "Wataizoea hali, Anti," nikasema. Akaiosha sufuria, akairudisha jikoni mwa kanisa.

Miezi ikapita. Samaki hawakufa, lakini hawakuzidi kidole cha mkono. Ndipo ofisa alipokuja na swali lake, na mama mmoja wa kikundi akajibu mahali pangu.

"Waulize kuku wake."

Ni kweli Anti alifuga kuku Kawangware, nyuma ya chumba chake cha kupanga, na ni kweli walikuwa wanono. Huo ndio ushahidi wote uliohitajika. Magunia ya chakula yameisha, samaki wamekonda, kuku wamenona. Hakuna aliyekwenda kuona kuku wanalishwa nini. Hakuna aliyeuliza kama mtu angebeba gunia kwa miguu kutoka Soweto East hadi Kawangware bila kuonekana.

"Mwageni maji muone chini kuna nini," Anti alisema.

Hawakumwaga. Walimwondoa siku hiyohiyo, mbele ya watoto wa shule ya kanisa. Alikunja leso yake, akaondoka. Tangu hapo hakukanyaga tena Soweto East, na wapo wanaomwita mwizi hadi leo. Matangi yalipokuja kumwagwa, mradi ukiwa umekwisha, tope jeusi lililonuka lilishuka mtaroni likiwa na punje za chakula ndani yake. Nilikuwepo. Niliziba pua, nikaenda zangu.

Siku hizi nikisikia mtu aliyeshiba akisema watu wa Kibera wamezoea maji ya mabomba yanayopita ndani ya mitaro, huwa namuuliza: wamezoea kwa kulipa nini? Wengi huniona mkorofi.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo niliposoma kile ambacho noti zangu hazikusema. Samaki anayekosa oksijeni kwa muda mrefu huzoea kweli: hupunguza mwendo, hupoteza hamu ya kula, na nguvu ambayo ingemkuza huitumia kupumua. Chakula anachokiacha huzama na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni iliyobaki majini. Na maji yanayomiminwa kutoka juu huingia na hewa.