Githeri ya Kumpasha Paka Joto

Mwaka wangu wa kwanza mjini Noonkopir, Julai ilinikuta sijajiandaa. Asubuhi ukungu ulishuka ukameza mbuga, ukameza barabara, ukaja mpaka dirishani kwangu, nikawa siamini kama bado kuna mji huko nje. Ndani ya weupe huo nikamwona paka: wa kijivu, mbavu nje, amekaa juu ya ukuta wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Mimi sipendi paka. Nimelelewa na mama mfuga kuku, na kwetu paka asiye na mwenyewe ni mwizi wa vifaranga, hakuna mjadala. Alipojipenyeza mlangoni kwangu nilimmwagia maji ya karai. Maji baridi, Julai. Hakulia. Alijikung'uta, akaondoka taratibu, nami nikajiona shujaa.

Mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa, ambaye ploti nzima tulimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yake, aliona yote.

"Wewe umemwagia yeye maji na hii baridi?" akauliza huku akinipimia. "Hiyo paka itakufa leo."

"Si yangu, yeyo."

"Sasa hata kifo iko na mwenyewe?"

Siku nzima, huku nikiuza misumari na saruji, maneno hayo yalinirudia. Jioni nilirudi mbio.

Wakati huo nilipika githeri kwa kikapu, kama mama. Unachemsha mahindi na maharagwe asubuhi, kisha unazika sufuria ingali inatokota ndani ya kikapu kilichojaa blanketi kuukuu, unafunika kwa mto wa kulalia, unaenda zako. Ukirudi imeiva yenyewe. Juu ya mto ule nikamkuta paka. Alikuwa amepitia dirishani. Manyoya yalishakauka ila bado alitetemeka, jicho moja wazi, akingoja nichukue karai tena. Niliona aibu. Nilikaa pale mlangoni nikala mkate mkavu, githeri nikaiacha chini yake.

Basi Julai yote nikapika githeri. Niliichoka wiki ya kwanza. Wenzangu kazini walidhani nimeishiwa. Lakini bila sufuria ya moto mto ungepoa, na mto ukipoa yule paka hafiki Agosti. Hata kula nilichelewa makusudi ili joto likae. Siku hizo nazikumbuka nusu kama ndoto: mvuke, ukungu, kengele za ng'ombe mahali pasipoonekana, na paka ambaye nikinyoosha mkono alihamia upande wa pili. Sikumlaumu.

Halafu ikaja asubuhi moja ambapo manyunyu yalikuwa yamelowesha gunia langu la makaa. Moto ulikataa kabisa. Nikavaa koti, nikakaa kitandani kufunga kamba za viatu. Paka akaingia, akapanda juu ya mto, akaunusa. Akaukanyaga mara mbili tatu, akashuka, akasimama katikati ya chumba akitetemeka, akinitazama. Sikuwa na cha kumpa. Niliogopa, kusema kweli. Niliogopa kwamba ameniaga.

Akaruka mapajani mwangu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikafungua vifungo vya koti, nikamfunika, na kazini nikafika saa tano.