Vazi Jeusi la Bi Birago

Si kweli kwamba Bi Birago alicheka mumewe akiwa hajazikwa. Wanaosema hivyo hapa Asokwa walitazama video ya dakika nne wakajiona wamehitimu. Alicheka, ndiyo. Lakini mumewe alikuwa hai, tena ndiye aliyeshika simu ya kurekodia.

Ilikuwa Aprili, jiji letu la Kumasi limefungwa kwa korona. Binti yao Adomaa, aliyekwama Accra, alikuwa akitengeneza tamthilia ya vichekesho ya mtandaoni: kila mwigizaji anajirekodi kwake, anamtumia, yeye anaunganisha. Mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, alipewa nafasi ya mjane anayewakaripia waombolezaji waliohudhuria msiba kwa simu.

"Nivae nyeusi na wewe upo?" Birago alikataa. "Huko ni kujitafutia mkosi."

"Vaa, Mwalimu," alisema mumewe, Mzee Banahene. "Nione utakavyonililia. Usiponiridhisha, sifi ng'o."

Akavaa. Akaifokea simu: "Wewe, ondoa hilo bakuli la fufu! Unalia au unameza?" Mzee akaangua kicheko, naye akashindwa kujizuia. Adomaa alikipenda kicheko cha mama. Akakiacha, akaikata sauti ya baba. Kipindi akakipangia tarehe, kitoke chenyewe Ijumaa ya wiki mbili mbele.

Mzee akafa kwa mshtuko wa moyo kabla ya Ijumaa hiyo. Katika kulia, nani angekumbuka kipindi? Kilitoka siku ileile ukoo wa mzee ulipokaa kuadhimisha wiki moja ya kifo chake.

Pokuaa, dada mkubwa wa marehemu, aliingia ameinua simu mbele ya wazee.

"Wifi, huyu nani?"

"Ni mimi."

"Na hilo vazi?"

"Ndilo hili nililovaa. Tulirekodi kaka yako akiwa hai."

"Nani huvaa msiba wa mume aliye hai? Kaka yangu yuko kwenye jokofu, wewe unakenua meno!"

Watu ishirini na watano tu ndio walioruhusiwa kuzika. Wazee wakasema jina la Birago litatoka kwenye orodha, labda alete ushahidi kabla ya Jumamosi.

Ushahidi ulikuwepo. Adomaa alipiga simu akilia: "Mama, ninayo rekodi nzima. Sauti ya baba imo. Niwatumie?"

"Nitumie mimi kwanza."

Birago aliisikiliza peke yake. Baada ya kicheko, mzee, akidhani simu imezimwa, aliendelea kuongea. Alimtaja Pokuaa kwa jina, pamoja na jambo ambalo ukoo umelificha miaka thelathini. Kuikata sehemu hiyo kusingefaa. Wazee wangesema Adomaa amezoea kukata.

"Ifute," alimwambia binti yake.

"Mama, watakunyima kumzika baba!"

"Ifute, nimesema. Baba yako aliniambia mimi, hakuwaambia wao."

Jumamosi walimzika. Pokuaa alikaa kwenye kiti cha mjane. Birago, mke wa miaka arobaini na moja, alibaki nyumbani amejifunga nyeusi, mlango wazi, ili apitaye amwone.

Mwezi uliofuata mama mmoja wa kanisani alimjia na mayai. Adomaa alikuwa amemdokezea habari ya rekodi.

"Pole, Mwalimu. Lakini kwani mzee alisema nini?"

"Alicheka."

"Na baada ya hapo?"

"Asante kwa mayai," alisema Birago, akiinuka kumfungulia geti. "Mengine siyasemi. Si kwako, si kwa mtu mwingine."