Masikio Yaliyozidi Fomu

Idara ya wanyamapori ilikuwa na watu wa kila aina: wa kusaini, wa kugonga mihuri, wa kwenda semina na wa kurudi kutoka semina. Wa kufanya kazi alikuwa mmoja. Wenzake walimwita Bi Rula, maana kila Jumatatu alipanda kilima, akafungua mitego ya waya, akampima ngushi mmoja mmoja kwa rula: masikio, mkia na unene wa manyoya, kisha akamwachia aende zake.

Ngushi, kwa asiyemjua, ni mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi. Kitabu cha idara kilisema ana masikio ya sentimita tatu na manyoya mazito meusi, kwa sababu kilimani kuna baridi. Kweli, kitabu kilipoandikwa baridi ilikuwepo. Bi Rula alipoajiriwa alipanda na masweta mawili na bado meno yakagongana. Miaka ilivyosonga akaacha moja, kisha yote mawili, mwishowe akawa anapanda na kitambaa cha kufutia jasho. Kitabu hakikuambiwa.

Ngushi waliambiwa, tena kwa ukali. Kila kiangazi Bi Rula aliokota maiti chini ya mawe, na karibu zote zilikuwa za wenye masikio madogo na manyoya mazito, waliopikika ndani ya makoti yao wenyewe. Waliopona ni wale wachache wenye masikio mapana, ambamo damu hupita ikapoa kama chai kwenye sahani. Hao ndio waliozaa, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa kuwa ngushi huzaa mara tatu kwa mwaka bila kuomba kibali cha idara, mambo yalikwenda mbio. Masikio yakafika sentimita nne, tano, sita. Manyoya yakapungua, weusi ukafifia ukawa rangi ya majani makavu.

Bi Rula aliyaandika yote akampelekea Mkurugenzi. Fomu ikarudi na wino mwekundu: "Pima upya." Akapima upya. Ikaletwa rula mpya, kwa vile ile ya zamani ilishukiwa. Nayo ikasema sita. Ndipo akaitwa ofisini.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwenye uzoefu mkubwa na ngushi; aliwahi kumwona kwenye kalenda.

"Mama," alisema, "fomu yetu inaishia sentimita tano. Unaiona?"

"Naiona, bosi."

"Sasa hiyo sita umeiandika wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni siyo fomu. Anayezidi tano, mwandikie tano. Tusisumbuane."

"Na ngushi nimwambie aishie hapo hapo?"

Mkurugenzi hakucheka. Kicheko chake alikuwa amewawekea walio juu yake.

Amri ni amri. Kazini Bi Rula akaandika tano, na akifika nyumbani akaandika ukweli kwenye daftari la shule lililoachwa na binti yake. Mumewe, fundi cherehani, alimtazama akahema.

"Mama watoto, hilo nani atakuja kulisoma?"

"Sijui. Lakini nikiandika tano kote kote, mkono utanikataa."

Daftari likajaa, likafuata la pili, hata la sita. Ikapita miaka kumi na moja.

Siku moja akaja mtaalamu wa chuo kikuu, binti mwenye viatu vya matope, akiuliza kama ngushi amebadilika kwa sababu ya joto. Mkurugenzi akamwagizia soda, akamtandikia mezani fomu za miaka kumi na moja: tano, tano, tano, kote.

"Utulivu wa ajabu," alisema kwa fahari. "Mnyama wetu ana nidhamu."

Mtaalamu akashukuru, akaanza kufunga mkoba. Bi Rula, aliyeitwa kubeba mafaili tu, alisimama mlangoni. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na mdomo huponza kichwa. Akatoka. Mkurugenzi akamshukuru Mungu mapema mno, kwa sababu mama alirudi na kizimba cha waya chenye ngushi ndani na madaftari sita, vyote alivyovificha stoo tangu aliposikia mgeni anakuja, akavitua juu ya meza. Ngushi akasimamisha masikio. Sentimita tisa kila moja.

"Huyu ni mgonjwa," alisema Mkurugenzi.

"Kama huyu ni mgonjwa, bosi, basi kilima kizima ni wodi. Wale wazima wa kwenye kitabu niliwazika."

Mtaalamu alikuwa ameshafungua daftari la kwanza. "Kwa hiyo, mama, joto liliwaotesha masikio?"

"Hakuna aliyeoteshwa kitu, mwanangu. Wenye madogo walikufa, wenye makubwa wakazaa. Basi."

"Na watafika wapi?"

Bi Rula akamtazama ngushi kizimbani. "Masikio yana mwisho wake. Joto sijui."

Ngushi akavuta fomu moja kupitia waya, akaitafuna kwa utulivu wa ajabu.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi aliwaambia waandishi wa habari kwamba idara yake iliona mbali, akapandishwa cheo. Kamati ikakaa miezi saba, ikarefusha fomu hadi sentimita kumi, masikio nayo yakiwa yamekaribia kumi. Bi Rula akapewa barua ya onyo kwa kuingiza mnyama ofisini bila kibali.

Lakini binti wa viatu vya matope alikuwa na shingo ngumu. Idara ilimtaka aandike "msaidizi mmoja wa idara", akakataa. Ripoti ilipotoka, jina kamili la Bi Rula lilikuwa ukurasa wa kwanza, chini ya lake, na madaftari yote sita yamechapwa humo.

Mumewe aliubandika ukurasa ule ukutani, kwenye kibanda chake cha ushonaji. Mteja akija kupimwa suruali, sharti kwanza asomewe habari za masikio.

"Unaniaibisha," Bi Rula alimwambia alipomfumania.

"Ndiyo. Kaa hapo, nimsomee na huyu."

Akavuta kigoda, akakaa.