Jina la Shule

Bibi yangu alikuwa na majina mawili. La kwanza, la Kiislamu, alipewa nyumbani. La pili aliliita jina la shule. Shule pekee ya karibu ilikuwa ya misheni, na aliyetaka kusoma alibatizwa kwanza. Akabatizwa, akasoma, akarudi nyumbani kuswali kama kawaida. Lakini jina la shule ndilo lililomganda, majirani wote walimwita hilo. Alipofariki, dada yangu akamrithisha bintiye jina hilo. Kwetu huku Newala mtoto hurithi jina la marehemu, na hakuna anayeuliza jina lina dini gani.

Mwaka jana binti huyo, akiwa darasa la sita upande wa Kitangari, aligoma kwenda shule. Mimi nilikuwa Masasi nikibeba magunia ya korosho. Dada akanipigia simu. Mtoto kwetu ni wa mjomba, au njomba kama tunavyosema, nikapanda gari siku hiyohiyo.

"Kila kipindi cha dini mwalimu ananivuta kwa Wakristo," mtoto akaniambia nilipofika. "Nikisema mimi Mwislamu, anasema jina halidanganyi. Juzi kanichapa mbele ya wote. Njomba, mimi sirudi."

Mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu ya fimbo, na hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kuuliza. Asubuhi nikamshika mkono tukaondoka.

Mfukoni nilikuwa na Katiba, kijitabu kisicho na jalada nilichonunua stendi ya Masasi. Nasoma chochote, hata gazeti lililofungiwa maandazi. Ndivyo nilivyojua kwamba baada ya Uhuru serikali ilizitaifisha shule za misheni, zikawa za watoto wote. Ndivyo nilivyoijua ibara ya kumi na tisa, kwamba dini ni hiari ya mtu mwenyewe. Na shule ya mtoto wetu ni ileile aliyosoma bibi. Juu ya mlango bado kuna alama ya msalaba ulioondolewa. Chokaa imeshindwa kuifuta.

Tulipoingia ofisini, mwalimu mkuu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alikaa kimya akisubiri shikamoo. Na mimi nikakaa kimya.

"Wewe ndiye baba?" akauliza mwishowe.

"Mjomba."

"Fomu inataka baba, mama au mlezi. Mjomba hayumo."

"Basi aliyeiandika hajafika Newala."

Karani wake akageukia dirishani kuficha kicheko. Nikafungua Katiba, nikaanza kusoma kwa sauti.

"Umeishia darasa la ngapi, mzee?" mwalimu mkuu akanikatiza.

"La tano."

"Hayo waachie wanasheria."

"Yameandikwa kwa Kiswahili, mwalimu. Wewe Kiswahili unakifundisha au unakisikia tu?"

Hakukasirika. Akanipa ushauri kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Nendeni mahakamani mkaape, mbadilishe jina. Akija na jina la Kiislamu, mwalimu hatakosea tena."

Nikapiga meza. Bibi alibadilishwa jina ili aingie katika jengo hili, leo kitukuu chake abadilishe jina hilohilo ili abaki humo! Sheria imeandikwa, imepitishwa, imechapishwa, na bado mlangoni tunaulizwa jina. Nilisema na mengine ambayo hayaandikiki. Siyajutii.

"Shikamoo, mwalimu," mtoto akasema katikati ya kelele zangu.

"Marahaba."

"Jina silibadilishi, ni la bibi. Naomba niandikwe kwa ustadhi na jina hilihili."

Mwalimu mkuu akamtazama, kisha akanisukumia karatasi. Mlezi aandike barua, akasema. Nikaandika, na chini nikatia: Mjomba. Akalikata neno hilo, akaandika "mlezi" juu yake, akagonga muhuri.

Ijumaa, kipindi cha dini, nilisimama nje ya dirisha la darasa. Ustadhi alisoma majina, akafika kwenye lile la bibi, akasita. Darasa zima likaangua kicheko.

"Nipo," akasema mtoto wetu. Hakuinamisha kichwa.

Yule aliyemchapa akapita kando yangu na boksi lake la chaki.

"Habari za asubuhi, mzee," akasema, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikageukia dirisha tena, kwa mtoto wetu.