Mipira ya Breki Kutoka Bungoma

Harufu ya breki iliyoungua haifanani na nyingine. Ina ukali wa nywele zilizoguswa na moto, ina chuma ndani yake, na kwa mbali kitu kama maharagwe yaliyosahauliwa jikoni. Nikiisikia barabarani, hata kama gari si langu na safari si yangu, jambo la kwanza ninalofanya ni kutazama huku na huku nione ni nani wa kulaumiwa. Nisamehe. Ndivyo nilivyolelewa.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, tulikuwa na ng'ombe wa maziwa, pikapu nyeupe, na baba asiyemwamini mtu. Sisemi kwa ubaya. Baba alikuwa mtu mwema ambaye aliamini tu kwamba watu wengine wote walikuwa njiani kuja kumwibia. Akinunua sukari, aliipima upya nyumbani. Fundi wa magari hakuruhusiwa kuvuka lango letu. "Huyo anakuja na spana mbili," Baba alisema. "Ya mkononi inatengeneza, ya mfukoni inaharibu." Basi pikapu aliitengeneza mwenyewe, na msaidizi wake nilikuwa mimi, Nekesa, msichana wa darasa la nne, kwa sababu nilijua kuhesabu boliti, kurudia kuzihesabu, na kunyamaza.

Kila jioni tulitandika katoni bapa chini ya gari. Asubuhi, kabla ya chai, Baba alichuchumaa kuisoma. Tone jeusi lilikuwa la injini. Jekundu, la usukani. Lile lisilo na rangi, linaloteleza kidoleni, lilikuwa la breki, na hilo ndilo pekee lililomtisha. Jeusi tulikuwa tumelimaliza: alikata gaskiti mpya kwa mkasi wa Mama, akakaza kifuniko cha injini, katoni ikaamka kavu. Mkasi haukupona. Lakini tangu siku hiyo Baba alitembea kama mtu mwenye cheti.

Kwa hiyo tone la breki lilipotokea karibu na gurudumu la mbele la kushoto, hakushtuka sana. Alihitaji mipira mipya tu, zile pete laini zinazozuia mafuta ya breki yasivuje, na mipira iliuzwa na Mjomba Simiyu, kaka yake Mama, aliyekuwa na kibanda cha spea mjini Bungoma. Mjomba aliileta mwenyewe. Baba aliishika pakiti juu, akaitazama kwenye mwanga kama noti.

"Shemeji, hii ni mpila olijino kabisa," Mjomba alisema. Kwao r na l huazimana nafasi bila kuulizana. "Lakini usiingize ikiwa kavu. Ipake mafuta yake kwanza."

"Mafuta yake. Najua," Baba akajibu upesi.

Hakuuliza mafuta gani. Mwanamume wa aina ya Baba hamwulizi shemeji yake swali la namna hiyo, hasa shemeji ambaye alikwisha kuuliza, na si mara moja, kama ile pikapu inauzwa.

Jumapili, tukitoka kanisani, tuliweka mawe nyuma ya matairi, tukapandisha jeki, tukavua gurudumu. Baba akafungua kalipa, kile chuma kinachoibana diski ili gari lisimame, akaining'iniza kwa waya ili bomba lake lisivutike. Mimi nikaingia ndani kukanyaga pedali, taratibu, taratibu zaidi, mpaka pistoni ikajitokeza kama ulimi wa ng'ombe. Aliisugua kwa msasa laini hadi ikang'aa. Akaung'oa mpira wa zamani kwa kijiti. Kisha akasimama, ule mpya ukiwa kidoleni kama pete.

"Mafuta yake," alijisemea.

Hapo ndipo Kiswahili kilipotuponza. Kuna mafuta ya taa, ya kupikia, ya kujipaka, ya injini, ya breki, na ya wagonjwa kule kanisani, na yote yamepewa jina moja, mtu aachiwe akili yake. Sasa kwetu, kitu kilichohitaji kuteleza kilikuwa na mafuta yake tangu zamani: yale ya mgando ya kukamulia, kwenye mkebe wa kijani juu ya rafu ya zizi. Tuliyapaka chuchu za ng'ombe, bawaba za lango, na visigino vyangu mwezi wa Januari. Baba alichota kwa kidole, akaupaka mpira bila uchoyo, na pistoni ikaingia kama mguu kwenye soksi. Tukamalizia kwa kutoa hewa kwenye bomba la breki: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nilikanyaga mpaka goti likaniuma, na sijawahi kufurahi vile.

Siku za mwanzo breki zilishika vizuri hivi kwamba Baba alisimamisha pikapu hata pasipo na sababu, kuturingia tu. Lakini kabla ya wiki kwisha gari lilianza kuvuta kushoto. Halafu ikaja ile harufu. Halafu moshi. Baba alipomwagia gurudumu maji, lilifoka kama kikaango.

"Feki!" alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichokitafuta. "Ameniuzia feki makusudi. Anataka gari liniharibikie, nikasirike, nimwuzie kwa bei ya chuma. Hakuna mtu wa boma hii atakanyaga kwao tena!"

Jumamosi ya wiki hiyo watu wa upande wa Mama, kule Chwele, walikuwa wanapokea mahari ya mdogo wake wa mwisho. Mama ndiye aliyekuwa binti mkubwa. Alikuwa anachambua mboga, mikono ikasimama.

"Unanifungia kwetu kwa sababu ya mpira?"

"Mpira wa ndugu yako."

"Na wageni wakiuliza mkubwa wa bibi arusi yuko wapi, waambiwe nini? Ati anapoza gurudumu?"

Jioni nilimwona Mama akitoa nguo yake iliyopigwa pasi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, akairudisha sandukuni. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Ijumaa Mjomba akatokea langoni kwa bodaboda. Nadhani Mama ndiye aliyempigia simu, ila hilo hakuna aliyelikiri.

"Si ungeambia watu unakuja?" Baba akasema badala ya salamu.

"Si nimefika, bana. Wacha nione hiyo bleki."

Baba akaninong'oneza, "Angalia mikono yake." Nikaiangalia. Mjomba alihangaika na pistoni iliyokataa kutoka, na ilipotoka, mpira ulikuwa umevimba na kulegea kama mandazi yaliyolowekwa kwenye chai. Aliufikicha. Akaunusa. Kisha akainua macho hadi kwenye rafu ya zizi, kwenye mkebe wa kijani usio na kifuniko, wenye alama nyeusi ya kidole cha Baba katikati. Akanitazama mimi. Akamtazama Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi.

"Enhe?" Baba akauliza. "Umeona kazi yako?"

"Shemeji, umenishika," Mjomba akasema. "Hii mpila ni feki. Ni makosa yangu."

Sijamwona mtu akifurahia habari mbaya kama Baba siku ile. Alimsamehe papo hapo, kwa sauti ya kusikika na majirani, akaagiza chai.

Mjomba akatoa mfukoni pakiti nyingine. Niliyasoma maandishi yake mara mbili: yalikuwa yale yale, rangi ile ile. Akamwomba Baba aingie ndani ya gari kushika pedali, na Baba alipokuwa huko, asikoweza kuona, Mjomba akaulowesha mpira upesi kwa mafuta ya breki kutoka kwenye chupa ndogo. Alipokuwa akiaga, alimgeukia Mama.

"Dada, nipatie ule mkebe wa zizini. Ng'ombe yangu chuchu imepasuka."

Mama alimpa. Mjomba hakuwa na ng'ombe. Nililiweka hilo rohoni: muuza feki, na tena mwizi wa mafuta.

Jumamosi Mama alikwenda Chwele, Baba akiendesha na tai shingoni, akiwapungia hata watu asiowajua. Na kwa miaka mingi baadaye aliwaonya wote, kuanzia Kitale hadi Kachibora, wasinunue spea kwa Simiyu wa Bungoma. Mjomba akiwepo, alicheka kabla ya wengine.

Nilikuwa mtu mzima, nikibishania bei ya mkanda wa feni kwenye duka la spea, nilipomsikia muuzaji akimwambia mteja aliyenitangulia: "Usipake girisi, usipake mafuta ya mgando. Mpira wa breki ukionja hayo unavimba, unabana pistoni. Tumia mafuta ya breki yenyewe." Nililipa bei niliyotajiwa, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, nikatoka nje. Utotoni niliiangalia mikono ya Mjomba mpaka macho yakawasha, na nilichokiona chote kilikuwa kweli. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Jawabu ndilo lililokuwa kinyume.

Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nikaenda Bungoma, nikamkuta Mjomba kibandani kwake, amezeeka, anafuta spana kwa kitambaa.

"Mjomba, ile mipira haikuwa feki."

"Ilikuwa feki."

"Pakiti ya pili ilikuwa ile ile. Na ng'ombe hukuwa naye."

Akacheka. "We mtoto, unahesabu mpaka ng'ombe za watu?"

"Na wateja wa Kitale waliokukimbia je?"

Akaiweka spana chini.

"Nekesa, hebu niambie. Ile Jumamosi, mama yako alifika Chwele ama hakufika?"

"Alifika."

"Basi mpila ilikuwa feki."