Bosi Akigonga Kiti

Shangazi yangu ameandika vitabu vitano, na vyote vinamhusu mtu mmoja: mdogo wake, ambaye kwangu ni baba mdogo na nyumbani tunamwita Bosi. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu haimtii na maneno humtoka kwa taabu, moja moja, lakini mkono wa kushoto ni wake kabisa. Kwa mkono huo, yeye ndiye aliyehariri vitabu vyote.

Shangazi huandika kwa kalamu jioni, akishatoka kufundisha darasa la tatu. Mimi nachapa. Kabla mswada haujaenda kwa mchapishaji, anamsomea Bosi mezani, sura baada ya sura, na Bosi akigonga mkono wa kiti chake cha magurudumu, hapo panafutwa. Hakuna rufaa. Aliwahi kufuta kurasa nne nzuri kweli za yeye akitabasamu dirishani akitazama mvua. Mvua humuumiza viungo. Lakini pale shangazi anapokiri kwamba siku moja alimchapa kofi kwa uchovu, alipaacha papite. Mchapishaji ndiye aliyeona haya.

Watu wanavipenda vitabu hivyo. Wakimkuta shangazi sokoni humshika kwa mikono miwili, wakamwambia ana roho ya peke yake, mwingine angekwisha kumtupa ndugu kama huyo. Yeye hujibu "asante" huku akichagua nyanya. Mimi sifa hizo zinanikera, maana anayesifiwa hivyo haruhusiwi kuchoka.

Naye alichoka. Mwaka jana mgongo ulimkatalia, daktari akamkataza kunyanyua chochote kinachozidi ndoo ndogo, na Bosi ana kilo sitini. Wasaidizi wawili walikuja, wakaondoka, shangazi akarudi kumnyanyua mwenyewe. Mimi nina watoto watatu na chumba kimoja, kwa hiyo msinitazame.

Shangazi akaenda kwenye kituo cha kulelea watu wazima wenye ulemavu, akakagua vitanda, akajaza fomu, akasaini. Halafu hakumwambia Bosi. Wiki tatu nzima alipika, akafua, akasahihisha madaftari ya wanafunzi, na usoni huoni furaha wala huzuni. Nilipomuuliza alisema, "Sihisi kitu, mwanangu. Kama jino lililopigwa ganzi." Sikumsumbua zaidi, kwa sababu hata mimi sikuwa nahisi kitu.

Katika wiki hizo hizo akamaliza kitabu cha sita. Sura ya mwisho inasema hatamwacha mdogo wake mpaka pumzi imtoke. Niliichapa nikijua fomu iko kwenye droo. Niliichapa vizuri, bila kosa hata moja.

Jumamosi asubuhi akamsomea. Sauti ilikuwa kavu, kama anayesoma tangazo la kitambulisho kilichopotea. Alipofika kwenye "sitamwacha," Bosi akagonga.

Shangazi akaruka mstari, akaendelea. Bosi akagonga tena.

"Bosi, hii ndiyo sura yenyewe. Watu wanaisubiri."

Akagonga mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka kiti kikasogea. Yeye ndiye anayenyanyuliwa kila asubuhi. Nadhani alijua kabla yetu sote.

Nikaangalia chini. Shangazi alichukua kalamu, akapiga mstari ukurasa wa kwanza, toka juu mpaka chini, kisha wa pili, kisha kurasa zote za sura hiyo. Alipomaliza alisema, kama mtu anayetaja saa, "Nimekutafutia mahali. Pana wauguzi. Mgongo umekwisha, siwezi tena."

Bosi akaanza kutafuta neno. Shingo ikakaza, taya ikahangaika, nasi tukamsubiri kama tunavyomsubiri siku zote. Nilikuwa na hakika atasema "hapana." Shangazi naye, nadhani, alikuwa akiliomba neno hilo, apate mtu wa kumkatalia.

"Lini?" Bosi akauliza.

"Keshokutwa," shangazi akamjibu.