Boksi Alilolikalia Mzee Ludovick

Katika gereji ya Nurdini pale Ihumwa palikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: nozeli, kile kichwa kinachonyunyiza dizeli ndani ya injini, inapopimwa hupulizia kwenye kipande cha boksi, kamwe si kwenye mkono wa mtu. Aliwahi kumfukuza fundi mzima kwa kuivunja. "Mkono wako si boksi," alimwambia, na hakumrudisha.

Asubuhi moja ya msimu wa zabibu, lori la mzee Ludovick liliingia likitapika moshi mweusi, kreti za zabibu kutoka Makutupora zimejaa nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, huu mzigo ukikaa mpaka jioni nitapeleka siki. Niokoe."

Nurdini aliiacha injini ikinguruma, akalegeza nati za mabomba ya dizeli, moja baada ya nyingine. Kila alipolegeza, injini iliyumba. Akaikaza, akaenda kwenye inayofuata. Alipofika kwenye ya tano, mlio haukubadilika ila kidogo mno.

"Mgonjwa ni huyu, nozeli ya tano."

"Acha utani! Hiyo nimefunga mpya mwezi wa tatu. Labda masikio yako ndiyo yanataka spea."

Nurdini akacheka. Alizima injini, akaichomoa nozeli, akaifunga kwenye mashine ya kupimia na kusukuma mpini kwa mkono wa kulia. Ukungu wa dizeli ukatoka.

"Si hiyo inapuliza?" Ludovick akamkejeli.

Kupuliza hakutoshi. Nozeli ile ina matundu matano, na kila tundu huacha doa lake kwenye boksi; doa likikosekana, tundu limeziba. Nurdini akageuka kuchukua boksi lake. Halikuwepo mahali pake. Mzee Ludovick, ili asichafue suruali, alikuwa amelitandika juu ya tairi kuukuu na kulikalia.

Nurdini alilelewa Kondoa, katika nyumba ambamo mkubwa akishaketi hainuliwi. Aliona haya. Maneno machache, "Samahani mzee, naomba hilo boksi," yangetosha. Hakuyasema. Mtu aliyemfukuza mwenzake kwa kosa hilo hilo alijua vema anachofanya. Akakinga mkono wa kushoto, akasukuma mpini.

"Madoa matatu tu, mzee. Matundu mawili yameziba."

Kwenye kidole chake cha shahada palibaki nukta ndogo, kama ya sindano. Haikutoa damu wala kuuma. Akaifuta kwa kitambaa, akafunga nozeli mpya na washa yake mpya, ile pete ya shaba ya kuzibia. Injini ikatulia, moshi ukakata. Ludovick akaondoka akipiga honi.

Alasiri kidole kilikuwa kimevimba, hakikunjiki. Asma, mkewe, alikishika, akakiachia upesi.

"Baba Ikram, mbona kina baridi hivi?"

"Kitone cha dizeli tu. Kitapungua."

Kesho yake hospitalini, daktari Angelina alimsikiliza akitabasamu, mpaka aliposikia neno mashine. Tabasamu likakatika.

"Saa ngapi?"

"Jana, saa nne asubuhi."

"Jana! Ukaenda kulala nyumbani?" Akainuka, akamwita mwenzake wa chumba cha pili. "Dizeli haikuishia kwenye ngozi, baba. Ile nguvu ya mashine imeisukuma ndani, imefika kiganjani, na inaua nyama kila inapopita. Ungekuja jana ile ile."

Nurdini aliitazama ile nukta. Ilikuwa ndogo vile vile.

Wiki tatu baadaye Ludovick alimletea zabibu gerejini. Alipouona mkono na kusikia kisa chake, kikapu kilimponyoka.

"Kwa nozeli yangu mimi? Mbona hukuniambia niinuke?"

"Ulikuwa umekaa, mzee."

Ludovick alimkodolea macho. Akageuka kulitazama lile tairi kuukuu kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Kumwinua mzee kungechukua nusu dakika. Kutomwinua kulimgharimu Nurdini vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, ndivyo alivyokuwa akishikia nati asizoziona nyuma ya injini.